Maji ya Sabuni Kwenye Mteremko wa Ndundu

Wakati wa uhaba, gari lililofika Kibiti bila breki lilipelekwa kwa Sadala, naye alilirudishia breki kwa kipande cha sabuni. Alikikatakata kwa kisu, akakikoroga katika kikombe cha maji ya moto mpaka maji yakawa meupe na yenye utelezi, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa, kisha akayamimina ndani ya kikopo cha breki, mahali ambapo yalitakiwa kuwamo mafuta. Mafuta hayakuwapo. Hayakuwapo Kibiti, hayakuwapo Utete, na huko Dar es Salaam aliyapata mtu anayejuana na watu. Pedali ikapanda, dereva akakanyaga, gari likasimama.

Si yeye aliyeibuni hila hiyo. Aliikuta katika kambi ya watengeneza barabara, alikokwenda kufua vyuma baada ya kuliacha shamba la mpunga la baba yake kule Mkongo. Lakini yeye ndiye aliyeifundisha. Hakuna dereva wa barabara ya kusini aliyelala Kibiti miaka ile asiondoke na kipande cha sabuni chini ya kiti. Wakamwita Fundi Sabuni. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi.

Kisha biashara ikaachiwa huru. Ndani ya miaka michache maduka ya Kibiti yakajaa matairi, mitumba, redio, na makopo ya mafuta ya breki yaliyopangwa rafuni kama maziwa. Hakuna aliyehitaji tena hila ya Sadala. Hata hivyo, kitu ambacho mikono imekizoea kwa miaka kumi hakitoki mikononi kwa sababu tu duka limefunguliwa.

Mmoja wa wale waliofundishwa alikuwa Ashrafu, kijana wa Mohoro aliyekuwa na Landrova ya mwaka sitini na nane. Alibeba abiria, mpunga na samaki wakavu kati ya Kibiti na kwao, na katikati ya safari hiyo ulikuwapo Mto Rufiji. Daraja halikuwapo. Gari lilivushwa kwa pantoni pale Ndundu, na kabla ya pantoni palikuwa na mteremko uliochongwa katika ukingo wa mto, mrefu, wa udongo mfinyanzi, unaong'aa kila mvua inyeshapo. Sheria ya pale iliwataka abiria washuke juu, watangulie kwa miguu hadi pantonini, gari lifuate nyuma yao likiwa tupu. Kwa hiyo kila gari lililoteremka Ndundu liliteremka likiwaelekea watu wake wenyewe, migongo yao ikiwa mbele ya boneti.

Breki za Landrova ile zilikuwa za dramu, zile zinazobana ndani ya bakuli la chuma, na dramu ikishapita katika maji hujaa tope na kuacha kushika. Wakati wa masika Ashrafu alimwomba abiria mmoja atembee kando ya gurudumu na gogo fupi la mkoko, ili gari likikataa kusimama alitupe chini ya tairi. Mara tatu gogo lile liliokoa watu. Mara ya tatu, mwanamke mmoja alihisi joto la boneti mgongoni.

"Kaka Sadala," Ashrafu alisema masika mengine yalipokuwa yakikaribia, "mie siwezi tena. Nasikia magari mapya yana diski mbele. Maji hayaziwezi."

"Diski utazipata wapi, mdogo wangu?"

"Gerezani, kule Dar. Kuna gari la mradi mmoja uliofungwa, wanalichinja kama mbuzi."

Walikwenda pamoja, mwaka tisini na mbili, mwezi wa pili, mvua zikiwa bado hazijaanza. Katika uchochoro wa vyuma chakavu, fundi mmoja mzee aliwafungulia zile ncha za ekseli, diski zake mbili na masta silinda yake, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki. Ashrafu alipokwenda kutafuta kamba, mzee yule alimshika Sadala mkono.

"Wewe ndiye fundi? Basi sikiliza. Hapa pedi inabana chuma waziwazi, na moto wake unaingia moja kwa moja kwenye mafuta. Mafuta ya breki yanauvumilia. Ukitia maji yatachemka. Na mvuke, bwana, haubani kitu. Utakanyaga mpaka sakafuni na gari linakwenda."

Sadala alielewa pale pale. Dramu ilikuwa imemsamehe miaka yote ile kwa sababu moto wake ulibaki mbali na maji. Aliitikia kwa kichwa, akashukuru, na njia nzima ya kurudi hakusema neno hilo kwa Ashrafu. Alijiambia kwamba atalisema siku ya kumkabidhi gari.

Kazi ilichukua siku nne chini ya mkorosho uliokuwa gereji yake. Alizitoa dramu za mbele na kila kilichozishika, akafunga zile ncha za diski. Matundu mawili hayakulingana, akayachonga kwa tupa mpaka yakalingana. Akabadilisha mipira na masta silinda, akajaza mafuta ya breki ya dukani. Breki ya mkono hakuigusa. Ilikwisha kufa zamani, mafuta ya gia yalipovujia ndani yake. Kazi ya mwisho ilikuwa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, nayo siku zote aliifanya na mkewe. Mashavu alipanda kwenye usukani, akavua kandambili, yeye akalala chini na spana.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shika hapo hapo."

"Nimeshika. Mguu unakufa ganzi, baba."

"Achia."

Waliendelea hivyo mpaka Mashavu akasema, "Sasa imekuwa jiwe." Sadala aliuamini unyayo wa mkewe kuliko kipimo chochote.

Jioni ya Alhamisi watu walikusanyika kuona. Ashrafu aliipitisha Landrova kwenye dimbwi la kando ya kisima mara mbili, akaja mbio, akakanyaga. Gari lilisimama ghafla hata gunia la pumba likaruka kutoka nyuma na kupasuka barabarani. Watu walishangilia. Ashrafu alishuka, akalichukua lile gogo la mkoko, akalitupa mbele ya Semeni, mama aliyekuwa akipika chai na vitumbua kando ya gereji.

"Dada Semeni, hili kapikie. Mie silihitaji tena."

"Gogo la mkoko na shoka langu hili? Labda nilikalie."

Sauti ikatoka katikati ya watu: "Fundi! Humo umetia mafuta, au umetia povu lako?"

Wote walicheka. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini aliwatazama, madereva wale waliokuwa wakimtazama kwa furaha, akaona kwamba kulisema ni kuwaambia kuwa kitu walichompendea kimegeuka sumu. Akacheka pamoja nao.

"Povu langu ndilo lililowafikisha leo," akasema. Akamkabidhi Ashrafu ufunguo.

Jumamosi alfajiri Ashrafu aliondoka kwenda Mohoro na abiria saba. Mmoja alikuwa Mashavu, aliyekwenda kumuuguza mdogo wake aliyejifungua. Sadala alikuwa ameitwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga kabla usiku haujaisha, na aliporudi saa mbili mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku. Alimkuta Semeni ameketi juu ya gogo, akigeuza vitumbua.

"Dada, nipe sabuni ninawe."

"Sabuni sina, shemeji. Kachukua yule ndugu yako Ashrafu."

"Ya kuogea?"

"Ya kuogea njiani? Kasema kuna nati inatoa jasho gurudumu la kushoto, kikopo kimepungua. Kaniomba na maji ya moto kikombe kizima. Kayakoroga mwenyewe, hapo hapo uliposimama. Kayakoroga vizuri, kama wewe."

Sadala alitazama chini. Matone meupe yalikuwa yamekauka juu ya mchanga, mawili, matatu, yakielekea mahali gari lilipokuwa. Alimwinua Semeni kwa mkono, akalichukua gogo.

"He! Na mie nikalie nini?"

Alikwisha kufika barabarani. Pikipiki iliyotokea ilikuwa ya Gaudens, bwana afya, mtu wa Bukoba aliyepangiwa Kibiti miaka miwili nyuma, akipeleka chanjo Ikwiriri katika kisanduku cha barafu.

"Fundi, unahamia wapi na kuni?"

"Ndundu, bwana afya. Nakuomba."

"Mimi naishia Ikwiriri. Chanjo zangu..."

"Mashavu yumo ndani ya gari la Ashrafu, na gari halina breki. Yeye Ashrafu hajui."

Gaudens alimtazama usoni, kisha akasogea mbele kumpa nafasi. Barabara ilikuwa mchanga mzito, kisha tope, kisha mchanga tena, na kila palipokuwa na shimo Sadala aliona alama za matairi ya Landrova zikiwa zimechimbika, mahali Ashrafu alipokanyaga. Alianza kuzihesabu, akaacha. Kila moja ilikuwa moto umeongezwa chini ya chungu.

"Umejuaje kuwa hajui?" Gaudens alipaza sauti katikati ya upepo.

"Kwa sababu sikumwambia."

Ikwiriri, Gaudens aliacha kisanduku chake kwa muuza magazeti sokoni. Mtu huyo akawaambia kwamba Ashrafu ametoka muda si mrefu.

"Alisimama hapa kidogo. Kasema pedali imelegea. Tukakaa, tukanywa kahawa, akaijaribu tena, ikawa imara. Kaongeza maji kidogo, kaondoka. Ana haraka, pantoni iko upande huu."

Kulegea, kupoa, kurudi imara: Sadala aliiona ile pedali ikimdanganya Ashrafu kama mgonjwa anayeketi kitandani na kuomba uji siku moja kabla ya kufa.

Walipofika Ndundu, mto ulikuwa mpana, wa rangi ya udongo, na pantoni ilikuwa imekwisha kufunguliwa kamba moja, tayari kuondoka. Abiria saba walikuwa katikati ya mteremko, wakitembea kwa uangalifu, viatu mkononi. Mashavu alikuwa wa mwisho, na mzigo kichwani. Juu, Landrova ilikuwa imekwisha kuinamisha pua. Ashrafu alikuwa ametia gia huru, kama madereva wote wanaobania petroli, akiitegemea breki peke yake.

Sadala aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama. "Ashrafu! Tia gia! Tia gia!"

Ashrafu aligeuka, akamwona, akatabasamu na kuinua kidole gumba. Kisha akakanyaga. Sadala aliliona tabasamu lile likibaki usoni bila mwenyewe. Mguu ulikuwa umekwenda mpaka sakafuni. Kutoka gurudumu la kushoto ulitoka mvuke mweupe, mwembamba, wenye harufu ya nguo zilizofuliwa.

Honi ililia. Mashavu aligeuka, mzigo ukaanguka, miguu yake ikateleza akakaa chini kwenye tope, mbele ya gari. Sadala alikuwa akikimbia kando ya gurudumu, gogo kifuani. Alijua kulitupa hakutoshi. Kwenye udongo ule gogo lingeteleza mbele ya tairi kama kipande cha sabuni yenyewe. Akapiga magoti, akalisukuma chini ya tairi kwa mkono wa kulia, akalishikilia.

Gurudumu lilipanda juu ya gogo, na juu ya mkono. Lakini gari liligeuka. Lilipinda upande, likajichimbia ubavuni mwa ukingo na kuzimika, hatua mbili kutoka alipokaa Mashavu.

Gaudens alivua shati, akaufunga mkono. Watu walirudi mbio, wakaizunguka Landrova, na hasira yao ikatafuta pa kuangukia.

"Hizi diski zao! Chuma cha gari lililokufa, kina nuksi!"

"Afadhali zile za zamani. Zile alizokuwa anazitia Fundi Sabuni, nani aliwahi kuanguka nazo?"

Sadala angeweza kunyamaza. Hakuna mtu pale aliyejua, na mkono ule ulikuwa umekwisha kumpa heshima ya kumtosha maisha yake yote.

"Diski hazina kosa," alisema. "Ni maji. Maji yanachemka humo. Niliambiwa Gerezani, nikanyamaza."

Ashrafu alikuwa bado ameushika usukani. "Ulijua, kaka?"

"Nilijua."

Mashavu alikuwa akikusanya nguo za mtoto mchanga kutoka kwenye tope, moja moja, akizikung'uta. Alimtazama mumewe mara moja, kisha akaendelea kukung'uta.

Hospitalini walimkata vidole vinne. Kilibaki kidole gumba. Ashrafu alizihifadhi zile diski, akatia mafuta, na tangu hapo gari lake alilipeleka kwa fundi mwingine, ingawa kila alipopita alipunguza mwendo na kumwamkia. Mashavu alirudi kutoka Mohoro baada ya miezi miwili badala ya wiki mbili.

Sadala alihamishia kiti chake kando ya barabara. Kila gari lililoelekea kusini alilisimamisha, akamwomba dereva afungue kikopo, akachovya kidole cha mkono wa kushoto na kukisugua: mafuta, au maji. Wengi walikubali. Wengine walikuwa na haraka.

Na magari yalizidi kuongezeka, mwaka hadi mwaka, mapya, mengine ya rangi ambazo Kibiti haijapata kuziona, yote na diski mbele. Mabasi yalipita na watu wamejaa mpaka mlangoni. Madereva wa zamani, waliolala Kibiti enzi za uhaba, walimtambua na kutoa vichwa madirishani.

"Fundi Sabuni! Bado tunakukumbuka, mzee!"

Naye alisimama, akauinua mkono wa kulia na kuupunga ili wasimame. Walikiona kile kidole gumba kimoja kilichosimama juu, wakadhani anawasifu, wakampigia honi, wakaenda.