Msusi aliyejenga tovuti, vichwa vikagoma kutokea

Saa tisa alasiri, joto limejaa chumba cha kompyuta. Msusi anayeitwa Mkono Mwepesi amesogeza uso hadi pua inakaribia kugusa kioo. Mbele yake umefunguka ukurasa wa zambarau. Juu yake kuna jina lake la kazi, na chini zimepangwa picha za vichwa alivyosuka.

"Si hizi hapa?" anauliza, kama anayegombana na mtu. "Zote zipo. Sasa jana kule saluni zilikwenda wapi?"

Jirani yake wa darasani, mchomeleaji wa mageti waliyembandika jina la Cheche, anageuka.

"Labda zinaona haya, Mwepesi. Kuna picha hazipendi kutembea."

"Niache, Cheche. Leo si siku ya utani."

Si siku ya utani kweli. Saluni moja kubwa ya maharusi inatafuta msusi wa kudumu, na mwenye saluni amesema kabla ya kumchukua mtu lazima aone kazi zake. Mkono Mwepesi husukia barazani kwa dada yake mkubwa, anayeishi naye. Mvua ikinyesha, kazi imelala. Siku nzuri anapata vichwa viwili au vitatu, siku mbaya anamsuka dada yake bure, "ili vidole visisahau."

Jina lake amepewa na wateja, kwa sababu anasuka bila kuumiza. Wengine husinzia mpaka kichwa kinamwangukia mapajani.

"Tatizo la kazi yangu ni kwamba haikai," anasema. "Seremala akitengeneza kabati, kabati lipo. Mimi nikimaliza, baada ya wiki chache mtu anafumua mwenyewe huku anatazama televisheni. Nikiulizwa kazi yangu iko wapi, nionyeshe nini?"

Ndiyo maana alijiunga na darasa hili la mafundi, ambamo kila mwanafunzi anajenga tovuti ya kuonyesha kazi zake.

"Mwalimu alisema tunajenga nyumba mtandaoni. Nikauliza, mtandaoni ndiyo wapi? Darasa zima likacheka. Lakini na wao hawakujua, niliwaona machoni."

Nyumba ikasimama. Jana aliipeleka saluni kwa miguu, maana kutuma linki tu aliona kama kubisha hodi na kukimbia. Mwenye saluni akaifungua kwenye simu yake.

"Mwanangu, mbona naona visanduku vitupu? Vichwa viko wapi?"

"Vipo, mama. Shuka chini kidogo."

"Nimeshuka mpaka nimefika mwisho."

Wasichana wa saluni wakaangua kicheko. Mwenye saluni hakucheka. Alimwambia airekebishe, lakini Jumamosi atamchukua mtu, awe yeye au mwingine.

Nyumbani, dada yake alikuwa na jibu tayari. "Umefanyiwa wivu. Anayekaa karibu yako ni nani?"

Anayekaa karibu yake ni Cheche. Kwa hiyo sasa anamgeukia, anamuuliza waziwazi: "Niambie ukweli. Hukugusa kompyuta yangu?"

"Mimi? Nifute vichwa vya watu nivipeleke wapi?" Cheche anachomoa simu, anafungua tovuti yake mwenyewe ili kumwonyesha ya mtu mkweli inavyokuwa. Ghafla anasimama. "Jamani! Na mageti yangu hayapo!"

Chumba kizima kinatoa simu. Fundi wa viatu hana viatu. Mshonaji hana hata gauni moja. Kwenye kompyuta za darasani kila kitu kipo. Kwenye simu ni visanduku vitupu. Mwalimu anaingia na kukuta watu wote wanasema kwa pamoja.

"Tulieni. Picha mliziweka wapi?"

"Humu humu kwenye kompyuta."

"Basi. Ukurasa mmeusafirisha, picha mmeziacha. Ukifunguliwa hapa, unazikuta. Mtu akiufungua kwenye simu yake, unazitafuta humo simuni mwake, na hazimo."

"Kwa hiyo," anasema Cheche, "mteja namwelekeza kwangu, halafu maelekezo yanampeleka chumbani kwake?"

"Hapo hapo."

Mkono Mwepesi anamgeukia jirani yake. "Kidogo nimeelewa," anasema, "kidogo hapana. Lakini nisamehe, Cheche."

"Nisuke basi."

"Hicho kipara?"

Alasiri ile wanazipandisha picha mtandaoni, moja baada ya nyingine. Jioni, kwenye simu ya dada yake, vichwa vyote vinatokea, ingawa kimoja kimelala ubavu na hakuna ajuaye kwa nini. Anatuma linki saluni. Asubuhi simu inaita.

"Sasa naviona," anasema mwenye saluni. "Mistari imenyooka, safi. Lakini mwanangu, mbona vyote visogo? Watu wako hawana nyuso?"

Mkono Mwepesi anaitazama tovuti upya. Ni kweli. Hakuna jicho hata moja.

"Nakaa nyuma ya mtu kutwa," anaeleza. "Uzuri ninaouona mimi ni wa huko. Sikujua kama kuna picha nyingine ya kupiga."

Lakini bibi harusi hatazamwi kisogoni, na Jumamosi ni kesho. Wateja wawili wamekataa kupigwa picha ya uso. "Mume wangu akinikuta humo?" mmoja aliuliza.

Akipata nafasi ile, anataka kiti chake mwenyewe mbele ya kioo, chini ya dari isiyovuja. Asipoipata, tovuti itabaki, na ataendelea kuitengeneza mpaka aielewe.

Mteja wa tatu, muuza mkaa wa mtaa wa pili anayesukwa naye miaka na miaka, amekubali. Kichwa kimekwisha. Mkono Mwepesi anauzunguka mkeka, anapiga magoti mbele yake na kuinua simu.

"Nitazame wapi?" anauliza mteja.

"Hata mimi sijui, dada. Nitazame mimi tu."

Mteja anamtazama, kisha anashindwa kujizuia, anatabasamu. Mkono Mwepesi anaishusha simu bila kupiga picha.

"We! Kumbe una vishimo mashavuni!"