Besi, Dramu na Fito za Tumbaku

Siku niliyorudi Mpanda na gitaa langu la besi, baba yangu mdogo alilitoa kwenye mkoba, akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayepima ubao, akahesabu nyuzi zake nne. Kisha akaniuliza zile mbili nyingine, za kutimiza sita kama za gitaa la kawaida, nimemuuzia nani. Mafundi wa karakana yake ya mageti wakacheka, na mmoja alicheka mpaka akaweka chini mashine ya kuchomelea.

Yalisemwa mengi wiki ile. Walisema diploma ya muziki inafaa kufunikia sufuria. Walisema sherehe za mji huu zinaendeshwa na kinanda kimoja chenye midundo ndani yake, unabonyeza kitufe watu wanacheza, na kwamba bendi ya watu wanaopiga kwa mikono yao haitamwinua mtu hata mmoja kwenye kiti. Lililoniuma zaidi alilisema baba mdogo mwenyewe, tena kwa upole.

"Mwanangu, hiyo besi haisikiki. Utapiga mwenyewe, utasikia mwenyewe."

Naandika haya kwa sababu niliweza, na sioni aibu kusema niliweza. Diploma yangu sikupewa na mjomba. Nilibeba magunia Dar es Salaam asubuhi, nikaenda darasani mchana, na bado nilimaliza mbele ya wengi walioletwa chuoni kwa gari la nyumbani. Nilirudi kwa hiari yangu. Ila kitu ninachojivunia zaidi sikukipata chuoni. Nilikipata Katumba, ndani ya bani la kukaushia tumbaku, na nilikipata kwa sababu mimi ni mtu asiyeweza kuacha swali likapita.

Nilianza kwa kukopa. Sikukopa hela, nilikopa vitu. Mwenyekiti wa kwaya ya kanisa letu, mama mmoja mkali anayejua kuimba sauti zote, alikuwa na seti ya dramu iliyotupwa stoo tangu kinanda kiliponunuliwa. Mwenye duka la vifaa vya umeme pale Kashaulili alikuwa na spika kubwa ya besi iliyokaa dukani bila mnunuzi hadi ikageuzwa meza ya kupangia chaja za simu. Baba mdogo alikuwa na jenereta, na karakana yake ilikuwa tupu kila Jumapili mchana.

Kila mmoja alinipa kwa sharti lake, na masharti yote yakaangukia siku moja: sherehe ya kumuaga binti wa baba mdogo kabla ya ndoa, ile tunayoiita sendofu. Baba mdogo alitaka bendi ipige sherehe nzima. Mama mwenyekiti alitaka kwaya yake iimbe siku hiyo ikisindikizwa na dramu na besi, bila kinanda. Mwenye duka alitaka watu wasikie spika yake ikifanya kazi. Tukishindwa, kila mtu anabeba chake na bendi inakufa palepale. Na mimi ningekuwa yule mwenye diploma aliyekwenda kusomea nyuzi nne.

Mpiga dramu nilimpata Katumba. Ni mkulima wa tumbaku, mzaliwa wa hukohuko, babu zake walitoka Burundi, na kanisani kwao anapiga ngoma tangu akiwa mdogo. Nilidhani mimi najisifu, hadi nilipokutana naye. Siku ya kwanza aliniambia kwamba akipiga yeye, hata bodaboda barabarani zinapunguza mwendo. Tangu hapo hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Diploma.

Tulikuwa na wenzetu wawili, mpiga gitaa la solo na mwimbaji, ambao hawakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa sisi wawili. Kila tukianza wimbo tulikwenda vizuri kwa muda mfupi, kisha mwendo unapanda, unapanda, mpaka mwimbaji anakosa pumzi. Mimi nilimwambia anakimbia. Yeye aliniambia mimi ndiye ninayemkimbiza.

Nilifuatilia jambo hilo kama mgonjwa anayetafuta dawa. Chuoni walitufundisha kwamba besi ikae pamoja na ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu: mguu ukigonga, kidole kivute uzi. Nilifanya hivyo kwa usahihi kabisa. Nilirekodi mazoezi kwa simu, nikasikiliza nikiwa nimefumba macho, na kidole changu kililingana na mguu wake bila kosa. Nikavua viatu ili nisikie sakafu ya saruji ikitetemeka. Nikaweka kiti nyuma yake nimtazame kisigino. Nikaweka kiganja kwenye ngoma yenyewe huku akipiga peke yake, naye akauliza kama ninaipima joto.

Akiwa peke yake hakukimbia. Mimi nikiwa peke yangu sikukimbia. Tukiwa wawili tulikimbia. Basi ni nani alikuwa anakimbia?

Jumapili moja baba mdogo alikuja kusikiliza. Karakanani kulikuwa na mashiti ya chuma yameegemezwa ukutani, ya kutengenezea mageti, na kila nilipopiga besi yalivuma yote. Alisimama mlangoni, akavumilia nyimbo mbili. Halafu akaniita pembeni akaniambia ameshaongea na mpiga kinanda awe tayari. Bibi harusi hawezi kuingia ukumbini anakimbizwa kama mwizi wa kuku.

Juma lililofuata mpiga dramu hakuja mazoezini. Alituma ujumbe kwamba majani yake yameiva na tumbaku haisubiri sendofu. Nikapanda bodaboda nikamfuata Katumba.

Nilimkuta ndani ya bani. Kwa asiyelijua, bani ni nyumba ndefu ya matofali isiyo na madirisha, na ndani yake kuna miti imelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, ngazi juu ya ngazi. Majani ya tumbaku hufungwa kwenye fito, na kila fito hupandishwa na kulazwa juu ya miti hiyo ili moshi na joto vipite. Yeye alikuwa juu, mguu mmoja mti huu, mguu mwingine mti ule, ameinama. Mkewe alikuwa chini anampa fito.

Nilisema nitamsaidia shemeji ili tumalize mapema tukafanye mazoezi. Fito ya kwanza niliinyanyua kabla hajawa tayari, majani mabichi yakampiga magotini. Ya pili nilimpa vizuri, akaishika, akavuta, nami bado nimeishikilia. Nusura ashuke nayo.

"Achia basi, Diploma," alisema kutoka juu. "Au unataka tupande wote?"

Shemeji alicheka, akaninyang'anya fito. Nikakaa kwenye rundo la majani nikawatazama, na hapo ndipo elimu yangu ilipoanza kulipa. Mtu mwingine angeona watu wawili wanapandisha tumbaku. Mimi niliona wapigaji wawili. Shemeji hakuwa akitazama juu. Alikuwa akinisimulia mbuzi wa jirani walioingia kwenye mahindi yake, na alivyomwendea mwenye mbuzi, na matusi waliyorushiana, huku mikono yake ikipandisha fito moja baada ya nyingine. Mumewe naye hakuwa akitazama chini. Fito iliondoka mkononi mwa mke, ikafika mkononi mwa mume, na katikati yake kulikuwa na muda mdogo sana ambao fito haikuwa ya mtu yeyote.

Nilisimama. Nilimuuliza shemeji anaachia wakati gani, kabla mumewe hajashika au baadaye.

"Shemeji, mimi naachia tu. Hayo maswali ya shule muulize mwenzio."

Mwenzangu akasema mke wake haachii kabla, yeye ndiye anayechukua. Mke akasema angekuwa anasubiri achukuliwe wangelala humo. Wakaanza kubishana, na kazi ikaendelea bila kuharibika. Nikaomba kitu kimoja. Nilimwomba shemeji ashikilie kidogo zaidi kila fito, asiachie mpaka asikie imevutwa. Alinitazama kama ninamtania, akafanya.

Fito ya kwanza ilikwenda. Kwenye ya pili mume alinyoosha mkono mapema. Kwenye ya tatu mapema zaidi. Kufika ya tano alikuwa anainyakua, anahema, na anamuuliza mkewe ana haraka ya kwenda wapi. Mkewe hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa amechelewa kuachia, basi.

Nilicheka peke yangu ndani ya bani lile mpaka wakanyamaza. Nilikuwa nimepata jibu. Kidole changu kilikuwa kinaanza mahali pake. Sikuwa najua mahali pa kumaliza. Nilikuwa nauacha uzi uvume, kwa sababu tangu nirudi nyumbani niliambiwa besi haisikiki, na nilitaka kila mtu aisikie. Sauti yangu ilivuma, mashiti ya chuma yakavuma nayo, na ile ngoma ndogo kavu aliyoipiga mwenzangu kwa mkono wa kushoto ikafunikwa. Hakuwa na nafasi. Alikuwa akinyoosha mkono mapema kuitafuta.

Nilimweleza yote palepale, yeye juu na mimi chini. Alisikiliza, akalaza fito, akasema kama ningemuuliza yeye angeniambia siku nyingi. Nikamuuliza angeniambia nini. Akasema hilo hakumbuki.

Jumapili karakanani sikumkumbusha yale ya bani. Tulianza wimbo uleule uliotushinda. Mguu wake ukagonga, nikavuta uzi, na mkono wake wa kushoto ulipokuwa unashuka nikauzima uzi kwa kiganja. Mashiti ya chuma yakanyamaza. Ile ngoma ndogo ikasikika peke yake, safi, kama mtu aliyefungua mlango. Mguu, uzi, kimya, mkono. Tukazunguka hivyo mara kadhaa, kisha akaacha kupiga ghafla.

"Umefanya nini?"

"Nimekuachia."

Alikaa na fimbo zake magotini. "Rudia," alisema.

Tulirudia mpaka mafuta ya jenereta yakaisha. Kitu cha ajabu, ambacho mpaka leo nakichunguza, ni kwamba nilipopiga kwa kifupi besi ilisikika zaidi. Mwimbaji wetu, aliyekuwa haongei sana, alisema ni mara ya kwanza anajua gitaa langu lipo. Na mimi nilianza kusikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia: pumzi ya mwenzangu kabla hajabadilisha mdundo, kisigino kikijiandaa, hata kiti chake kikilia. Sikuhitaji tena kumtazama. Nilijua tu, na nilipomuuliza yeye anajuaje, alisema ananisikia ninapoondoka.

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa. Mpiga kinanda alikaa pembeni na kinanda chake kimefunikwa kitambaa, akisubiri tuanguke. Baba mdogo alikaa mbele, mikono kifuani. Kwaya ilipoanza wimbo wa kumwingiza binti, vigelegele vikalipuka, na niliusikia mguu wa mwenzangu ukichangamka. Alikuwa anapanda. Zamani ningemfukuza. Safari hii nilifupisha, nikamwachia nafasi kubwa zaidi, nikazima uzi mapema kuliko tulivyozoea. Aliisikia ngoma yake ikiwa peke yake ukumbini. Akashusha mabega, akarudi.

Nilijua tumefika nilipowaona wahudumu. Walikuwa wanavuka ukumbi na mahotipoti ya wali mikononi, hakuna aliyekuwa anacheza, wote wana haraka ya kazi, na wote walikuwa wanakanyaga pamoja. Baadaye shangazi zangu walisimama, kisha meza ya wageni waliotoka Sibwesa, kisha sikuona tena viti. Mwenye duka aliacha soda yake akaenda kuweka kiganja kwenye spika, akakiacha pale wimbo mzima. Mama mwenyekiti wa kwaya aligeuka katikati ya kuimba akatutazama, na mama yule hageuki. Mpiga kinanda aliondoa kile kitambaa, akakikunja, akaja kucheza.

Kesho yake asubuhi nilikodi guta la matairi matatu nikazungusha vitu kwa wenyewe. Spika, mwenye duka aliniambia niishushe nje, mbele ya mlango, itazame barabara. Chaja alishazihamishia kwenye kreti. Dramu nilizipeleka kanisani, na nilipouliza ufunguo wa stoo mama mwenyekiti alinionyesha sehemu iliyofagiliwa mbele, karibu na kwaya, akasema ziwekwe pale na nisichelewe mazoezi ya Jumatano, mimi na huyo mwenzangu mwenye maneno mengi.

Jenereta niliipeleka mwisho. Baba mdogo alikuwa anakata chuma. Alizima mashine, akavua miwani, akaniomba gitaa. Akalitoa kwenye mkoba, akalishika kama siku ile, akapitisha kidole kwenye nyuzi, moja, mbili, tatu, nne. Akavuta uzi mmoja mnene. Mashiti ya chuma yakavuma ukutani. Akauzima kwa kiganja, kwa wakati wake, bila kufundishwa na mtu.

"Zile mbili," alisema, "mwachie aliyezinunua."