Kitufe cha Idhini

Waya hakuwa fundi umeme. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na jina hilo alipachikwa na walimu wenzake kwa sababu mifuko yake haikukosa waya: wa kuchajia simu, wa kuunganishia projekta, au kipande tu ambacho mwenyewe hakujua ni cha nini. Kompyuta ya shule ikigoma, aliitwa yeye. Sifa zake zikavuka ukuta wa shule zikafika ofisi ya elimu, na siku moja akaombwa aende kusaidia huko kwa muda mfupi. Akaliaga darasa lake, akawaambia wanafunzi wasifute mchoro wa pembetatu ubaoni, angerudi kuumalizia.

Hakurudi. Muda mfupi ukawa mwaka, na mwaka ukavuta mwingine. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya mitihani ya zamani. Makabati ya chuma yaliziba dirisha lote, na kila alipoomba yahamishwe alijibiwa kwamba hayana pa kwenda. Mvua aliisikia tu. Akitaka kujua kama jua limezama, ilibidi atoke koridoni.

Bosi wake alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, asiyemgombeza mtu. Ukimletea ombi, alilipokea kwa mikono miwili, akakushukuru, na hapo ndipo ombi lilipofia. Waya alimwomba arudishwe darasani si mara moja.

"Mwalimu wangu," mama yule alimwambia, "sasa ukienda, sisi tutabaki na nani?"

Akawa anatoka amevikwa kilemba cha ukoka, anarudi stoo.

Katika kukaa huko ndiko wazo lilikomjia. Kila shule ya eneo lile ilikuwa na masomo machache yanayofanana, na mwanafunzi alichagua kilichopo. Shule moja ina mwalimu mzuri wa muziki na darasa nusu tupu; shule ya jirani ina watoto wanaopiga madawati mpaka yanalia, na muziki hawana. Waya akafikiri: kwa nini mtoto asibaki shuleni kwake, akasoma somo la shule nyingine kupitia mtandao? Bosi akalipenda wazo, akampa baraka zote, na kazi yote.

Waya alianza kwa kuzunguka mashuleni kuuliza watoto wanachaguaje. Majibu yalimkata maini. Mmoja alifuata rafiki. Mwingine alimkimbia mwalimu mkali. Wengi walisema baba ndiye aliyechagua. Msichana mmoja wa kidato cha pili alimwuliza, "Nikichagua kitu ambacho nyumbani hawakijui, nani atawaelezea?"

Kwa hiyo jukwaa lake la mtandaoni halikuanza na orodha ya masomo. Lilianza na maswali: mikono yako inapenda kufanya nini, ukikaa peke yako unawaza nini. Kila somo likawa na sauti ya mtu anayeishi kwa kazi hiyo, akimweleza mzazi kwa lugha ya sebuleni. Sauti hizo alizirekodi mwenyewe, simu mkononi, akipanda jengo ambalo halijakamilika kumfuata mchoraji ramani, akiinama kwenye karakana kumsikiliza fundi redio.

Siku ya majaribio watoto walifurika. Walichagua muziki, umeme, lugha za mbali, uchoraji wa majengo. Waya alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akiona machaguo yakiingia, akacheka peke yake kama aliyechanganyikiwa.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Wakuu wa shule walimjia bosi wakiwa wamekunja nyuso. Walimu wao wangefundisha nani? Matokeo yangehesabiwa kwa shule ipi? Bosi akawasikiliza kwa upole wake uleule, halafu akamwita Waya.

"Tuwape kitufe tu cha idhini," alisema. "Mtoto achague, mkuu wake akubali. Ni suala la heshima, Mwalimu."

"Hawatakibonyeza, mama."

"Watabonyeza. Tuwaamini."

Waya akarudi stoo, akakijenga kitufe kile kwa mikono yake mwenyewe. Alikijenga vizuri, maana kazi mbovu hakuijua. Na kuanzia siku hiyo, kila aliyechagua somo nje ya shule yake alipata maneno mawili: "Inasubiri idhini." Wakasubiri.

Miongoni mwao alikuwamo mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa. Mtoto huyo alichora nyumba tangu akiwa mdogo, si zile za mlango mmoja na moshi juu. Zake zilikuwa na ngazi, choo, na mahali pa kuanikia nguo. Alichagua uchoraji wa majengo. Muhula ukaanza, na idhini haikuja.

Dada mtu alifika ofisini, akasimama mlangoni kwa sababu kiti cha pili hakikuwapo.

"Mdogo wangu, si wewe ndiye mwenye huu mtambo?"

"Ndimi, dada."

"Na huwezi kumfungulia?"

"Naweza."

"Basi?"

Waya alitazama kibodi. Ilikuwa kazi ya dakika moja, naye alijua. Akajua pia kwamba kesho mlango ungejaa shangazi, majirani na madereva wa ofisi, na asiye na mjomba stoo angebaki palepale.

"Nikimfungulia wangu, nitamwambia nini mtoto wa mwenzangu?"

"Mwambie mwenzake ana mjomba mjinga," dada akajibu, akaondoka. Tangu hapo simu za Waya hakuzipokea tena.

Waya akapiga moyo konde. Asubuhi moja alimchukua mpwa wake, wakaenda shuleni kwake kama wazazi wengine, wakakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu hadi walipoitwa. Mkuu wa shule hakumtambua. Aliwasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mimi binafsi ningependa sana," alisema. "Ila mfumo ndio unaokataa."

Mpwa akamtazama mjomba wake.

"Mkuu, niruhusu," akasema. Akazunguka meza, akafungua ukurasa kwenye kompyuta ya mkuu, akaweka kidole karibu na kioo. "Mfumo haujakataa. Unakungoja wewe. Huu mfumo niliutengeneza mimi."

Mkuu akamwomba binti asubiri nje, na mlango ulipofungwa sauti yake ikabadilika.

"Mwalimu, nina mwalimu wa historia mwenye wanafunzi wachache. Wakipungua tena, anahamishwa, na mkewe mgonjwa yuko hospitali ya hapa. Nikimruhusu huyu, wengine nitawazuia kwa sababu gani? Nikiwaruhusu wote, ninafunga darasa. Nifanyeje?"

Waya alikuja na hasira iliyopangwa vizuri, akakosa pa kuitua. Walikaa pale wazee wawili, kila mmoja ameshika tama upande wake wa meza. Mwishowe mkuu akasema angemruhusu binti asikilize tu vipindi, bila mtihani wala alama. Mtihani angeufanya wa historia.

"Kusikiliza tu?" mpwa akauliza njiani.

"Kusikiliza tu."

"Na kuchora?"

"Hakuna aliyekukataza kuchora."

Binti alitembea mbele kidogo, na Waya hakumsogelea.

Mwezi uliofuata wakaja wageni kuliona jukwaa. Bosi alimnong'oneza Waya aonyeshe machaguo, ukurasa wa kile kitufe asiufungue. Waya alionyesha maswali na sauti, wageni wakapiga makofi. Kisha akafungua ukurasa wa wanaosubiri, akaacha projekta iyapandishe majina ukutani. Majina hayakwisha haraka. Mgeni mmoja akauliza hao ni kina nani.

"Hilo linafanyiwa kazi," bosi akasema kwa tabasamu. "Mwalimu wetu huyu ndiye atakayelisimamia. Atakuwa nasi kwa muda mrefu."

Baada ya ziara ile shule mbili zikaanza kubonyeza idhini. Shule ya mpwa wake haikuwamo. Waya hakugombezwa na mtu. Aliongezewa kiti cha pili na kazi ya kuandika taarifa za idhini kila wiki.

Kiti hicho hukaliwa na mpwa. Chumba cha kompyuta cha shule yake hufungwa mchana, na kipindi cha uchoraji kiko mchana. Hufika na rula yake ndefu, anakaa kati ya makabati, anavaa visikizi. Mwalimu wa upande wa pili humwita jina pamoja na wengine, ingawa kwenye mfumo hayumo, naye huitika. Waya humpa mgongo, anaandika taarifa yake. Mara nyingine binti humgusa bega kumwuliza mwinamo wa ngazi, na yeye huchukua kalamu, akaanza kumchorea pembetatu.