Miezi Mitatu ya Ulinzi wa Bure

Mtu niliyemchoma na pasi mwezi wa tatu alirudi dukani kwangu mwezi wa saba, anatembelea gongo, akaomba kiti.

Nilimpa. 

Naitwa Mamokete. Mimi na mdogo wangu Nthabiseng tunashona na kukodisha magauni ya harusi Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Mtaa wetu si wa kuacha mlango wazi. Fundi simu wa duka la tatu kutoka kwetu alichomwa kisu mchana kweupe, nusura afe, kisa simu mbili mbovu.

Kwa hiyo Skosana alipopaki pikapu yake nyeupe mbele ya duka, mwezi wa pili, alitukuta woga umeshatujaa.

Bonge la mtu. Shati limenyooka, maneno matamu. Alikuwa na kampuni ya ulinzi, jina lake nalibana.

"Mama, miezi mitatu bure. Unabonyeza kitufe, vijana wanakuja na silaha. Hujapenda, unatoka."

"Kama ni bure, namba ya akaunti yangu ya benki ya nini?"

"Utaratibu tu, mama yangu. Fomu ikiwa na pengo ofisini hawapokei."

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Nilisoma moja, nikasaini zote.

Wiki ya nne, Jumanne saa tisa mchana, akaingia kijana mwembamba mwenye kisu.

"Toeni simu. Harakisheni."

Nthabiseng akabonyeza kitufe chini ya cherehani. Sijui kama dakika moja iliisha. Skosana na vijana wake wawili wakaingia kama upepo.

Kisu kilidondoka kwa rungu la kwanza. La pili lilimpata mdomoni. Baada ya hapo sikuhesabu. Walimpiga akiwa amelala, kwa zamu, hadi nikasikia mguu wake ukivunjika. Mlio wake ulikuwa mdogo, mkavu.

Sasa naandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu wa kanisani kwetu.

Pasi ilikuwa mezani, imewaka. Niliichukua nikamkandamiza nayo begani, juu ya shati. Alipiga kelele kama mtoto. Nikaiacha palepale.

Nilisikia raha. Kweli kabisa, nilisikia raha.

"Inatosha, mama," Skosana akasema, anacheka. "Huyu tunampeleka polisi."

Wakamburuta hadi kwenye pikapu, wakamtupa nyuma. Wiki ile ile maduka kumi na mawili ya mtaa wetu yakasaini. Mimi mwenyewe nilikuwa nawashawishi watu. Nilimwambia fundi simu, "Saini, baba. Wale jamaa si mchezo."

Miezi mitatu ikaisha na mimi sina habari. Msimu wa harusi, nani anahesabu siku?

Nilikuja kushtuliwa na ujumbe wa benki. Randi elfu moja na mia nne zimekatwa. Hiyo ilikuwa hela ya kukodi cherehani mbili kwa mwezi.

Nikaenda ofisini kwao. Skosana akafungua ile fomu ukurasa wa tisa, akaweka kidole.

"Ulitakiwa kuleta barua ya kujitoa siku thelathini kabla ya bure kuisha. Hukuleta, maana yake umekubali miaka miwili."

"Uliniambia nisipopenda natoka."

"Toka, mama. Lipa miezi iliyobaki, utoke."

Nikatoka pale moja kwa moja hadi benki. Wakanirudishia hela yangu, wakafunga na makato. Jioni Skosana akapiga simu, sauti laini vilevile.

"Mama Mamokete, mtaa ule mbaya. Usije ukasema hukuambiwa."

Siku ya sita, saa nne asubuhi, waliingia watatu wamefunika nyuso. Hawakuomba simu wala hela. Walikuja na nyundo.

Walivunja cherehani zote. Walichana magauni tisa, mojawapo la bibi harusi wa Jumamosi ile. Nthabiseng akawa amelikumbatia lile, hataki kuliachia. Mmoja akaushika mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya meza ya kukatia, akapiga nyundo. Akapiga tena.

Nilibonyeza kitufe. Nilikuwa sijakirudisha.

Kupitia dirishani niliiona pikapu nyeupe. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, injini inanguruma, na Skosana ndani anakula magwinya, yale maandazi ya mtaani, kwenye karatasi. Alinitazama, akapandisha kioo.

Vidole vitatu vya mdogo wangu viliunga vimepinda.

Hapo ndipo nilipokuwa mwezi wa saba, siku mwenye gongo alipoingia.

"Unanikumbuka?" akauliza. Akashusha kola ya fulana. Begani palikuwa na alama ya pasi, ncha yake imekaa kama ncha ya jani.

Niliitambua.

"Naitwa Molefi. Skosana alinipa randi mia tatu niingie na kisu cha kupakia siagi. Aliniambia nitapigwa makofi mawili, nikimbie, ninyi mwone kampuni inafanya kazi."

"Lakini walikupeleka polisi."

"Polisi gani, mama? Walinitupa kwenye machimbo ya zamani. Nililala siku mbili mguu umegeuka. Wachimba kokoto ndio waliniokota."

Nthabiseng alikuwa kwenye cherehani ya kuazima. Akasimama.

"Umekuja kutaka nini?"

"Mguu walivunja wao. Bega ni dada yako," Molefi akasema taratibu. "Sikuja kusamehe mtu. Nimesikia walivyokufanya mkono, nikaona bora mjue. Polisi nitasema yote, ila peke yangu hawatanisikiliza."

Tukaenda watatu. Wakaandika maelezo, wakasema tutaitwa. Lakini mtaa wetu hauna siri, na Jumamosi saa sita mchana Skosana akaja mwenyewe. Duka lilikuwa na wateja wawili, fundi simu aliyeleta suruali, na Molefi aliyepita kuuliza kama polisi wametuita.

Akamwona Molefi kwenye kiti. Akacheka.

"Wewe bado unatembea? Mia tatu zangu zilikuwa nyingi kuliko kazi yako."

Akalipiga teke gongo, kisha akakanyaga ule mguu mbovu. Molefi akaanguka. Mkono wa Skosana ukaenda kiunoni, bastola ikachungulia.

Nthabiseng alikuwa na mkasi mkubwa wa chuma mkono wa kushoto. Aliushusha kwenye kifundo cha mkono wa Skosana kwa nguvu zote. Bastola ikadondoka, damu ikafuata. Fundi simu akamrukia shingoni. Wateja wakapiga ukunga, na mtaa mzima ukaingia, maana maneno ya mia tatu waliyasikia hadi nje.

Walimtoa nje hadi barabarani. Mateke, matofali, mfuniko wa pipa la taka. Meno yake yalibaki kwenye lami. Mtu akaanza kuita tairi liletwe.

Mimi nilikuwa na pasi mkononi. Sijui nimeichomoa saa ngapi kutoka kwenye umeme. Ilikuwa ya moto, na nilikuwa naelekea mlangoni.

Molefi, akiwa chini, alinishika pindo la gauni.

"Mama. Iweke hiyo."

Nikaiweka. Nikaketi sakafuni karibu naye, nikatapika.

Polisi walifika kabla ya tairi. Skosana alitoka hospitali akaenda mahabusu moja kwa moja, taya imefungwa waya. Kampuni ikafa. Molefi namlipia matibabu ya mguu hadi leo. Kuhusu bega hatujaongea tena.

Mwezi wa kumi nilitoka kununua vitambaa. Niliporudi, dada wawili wenye sare za bluu walikuwa wanatoka dukani kwetu, wanaaga kwa adabu. Ukutani kulikuwa na kitufe kipya.

"Nthabiseng, umefanya nini?"

Hakuinua uso. Alikuwa anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa vidole vile.

"Miezi minne bure," akasema. "Mtaa mzima wamesaini. Naogopa, dada. Wewe huogopi?"

Naogopa. Ndiyo maana sikumgombeza.

Nilivuta kiti, nikasoma kurasa zote, hata zile za maandishi ya sisimizi. Ile habari ya barua ya siku thelathini ilikuwepo, safari hii ukurasa wa saba. Nikaandika pale pale barua ya kujitoa bure ikiisha, nikamshika mkono tukaenda ofisini kwao, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Yule dada wa mapokezi akashangaa.

"Si mmesaini leo?"

"Ndiyo maana tumekuja leo," nikamwambia.

Nawe unayesoma, kama kuna kitu umekubali kwa sababu ni bure, usingoje ukipende au ukichukie. Barua ya kutoka iandike siku ile ile unayoingia, na mtu akipigwa mbele yako kwa ajili yako, uliza kwanza nani kamleta.