Simtaki Mume wa Jirani

Kila jioni mume wa jirani yangu akirudi shambani humbeba mwanawe begani, wakaenda bombani wakicheka. Mimi huwatazama nikiwa mlangoni. Wangu alikwenda Tunduru kutafuta madini, mtoto wetu hajaota jino. Sasa anatembea, na simu ya baba yake haipatikani.

Kwenye sala ya jumuiya, mwenyekiti akanisomea amri ya tisa, ya kutotamani mwenzi wa mtu, mbele ya watu. “Binti, unamla kwa macho mume wa mwenzio. Kaungame!”

Hasira ikanipanda. “Mama, simtaki huyo, ananuka tumbaku! Natamani wangu arudi, ambebe mwanawe hivyo. Hiyo nayo dhambi?”

“Kweli ananuka,” jirani yangu, mkewe, akacheka.

Zamu yangu ya kutaja nia ya maombi ikafika. “Bwana, mrudishe.”

Wote, hata mwenyekiti, wakaitikia: “Twakuomba utusikie.”