Sungura wa Bati na Dada Asiyeumwa

Edwina Thackray hakuwa mwongo. Kwa miaka sitini na moja, pale kijijini kwao Yorkshire, watu walimwachia funguo za nyumba na siri za ndoa, na vyote walivikuta mahali pake. Alipika shuleni miaka thelathini, akamzika mumewe, na kila Jumapili alipiga kinanda katika kanisa lao dogo la Wamethodisti. Kwa hiyo uongo ulipomwingia, uliingia kwa adabu, umevua viatu mlangoni.

Ulianza na panya. Walivamia banda lake la kuku, na jirani yake, Desmond Oldroyd, akaja na bunduki ya upepo akawamaliza kwa siku mbili. Edwina alisimama kutazama akidhani atachukia. Hakuchukia. Bunduki yenyewe haikuwa na makelele. Ilikohoa tu, kama mtu aliye kanisani.

"Nishike kidogo?" aliuliza.

"Angalia, bibi," Desmond akamwambia. "Mimi nilishika kidogo mwaka wa themanini na tisa, mpaka leo sijaiachia."

Akamwazima ile yake ya zamani. Somo la kwanza halikuwa shabaha, lilikuwa hewa. Bunduki hii haili baruti. Hushindiliwa hewa kwenye mtungi mwembamba ulio chini ya mtutu, kwa pampu ya kusimama kama ya baiskeli, ila hii ni kaidi kuliko punda. Edwina alisukuma, akapumzika pampu ipoe isije ikatoa jasho ndani na kutia chuma kutu, akasukuma tena, mpaka mshale wa kipimo cha hewa ukagusa mia mbili.

"Usitumie mikono," Desmond alimfundisha. "Tumia uzito Mungu aliokupa."

"Huu hakunipa Mungu. Nilijipikia mwenyewe."

Mwezi wa tatu wa mazoezi Desmond akampeleka kwenye klabu yao msituni. Huko watu hulala kifudifudi kwenye matope, wanalenga sungura na kunguru wa bati waliofichwa kati ya miti. Kila bati lina duara dogo. Risasi ikipita kwenye duara, bati linaanguka, unapata pointi mbili. Ukigonga kando, moja. Wanatembea wawili wawili, na kila mmoja anamwandikia mwenzake pointi.

Edwina alikosa tisa. Sungura wa kumi alilia "klak" akalala chali, na yule mama, mvua ikimnyeshea mgongoni, akahisi kitu kifuani ambacho hakukihisi tangu utoto. Hapakuwa na aliyemuuliza chakula kiko wapi. Hapakuwa na aliyemuuliza chochote.

Tatizo lilikuwa moja. Mashindano yalifanyika Jumapili asubuhi.

Mara ya kwanza alimpigia simu Bi Winifred Holroyd, mzee wa kanisa mwenye miaka themanini na minne, akasema haji, anakwenda mjini Hull kwa dada yake Hilary, ambaye hajisikii vizuri. Na kweli wiki ile Hilary alikuwa na mafua. Mafua yakapona baada ya siku tatu, uongo ukabaki. Ndani ya miezi minne Hilary aliugua mara saba, na Hilary mwenyewe, mzima kama chuma, alikuwa akienda kucheza dansi kila Alhamisi bila habari.

Basi kanisa likaanza kumwombea. Jumapili ambazo Edwina alikuwepo, alikaa kwenye kinanda chake akisikia jina la dada yake likisomwa kwenye maombi, baada ya Mfalme na kabla ya wenye njaa. Jumapili ambazo hakuwepo, waliimba kwa kisanduku cha umeme cha kupigia nyimbo, ambacho hakikujua kungoja wazee wavute pumzi. Hawakulalamika. "Damu ni damu," walisema.

Kisha Bi Winifred akamletea shali ya kumpelekea Hilary. Ya sufu, rangi ya kijivu, pana kama blanketi. Vidole vya yule bibi vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi kama mizizi ya tangawizi.

"Imenichukua miezi mitatu," alisema. "Zamani ningeimaliza kwa wiki mbili. Mwambie ajifunike kifuani, sio mabegani. Kifua ndicho kinachomsumbua?"

"Ndicho," Edwina akajibu, akaipokea shali kwa mikono miwili.

Jumapili iliyofuata, msituni, hakuangusha kitu. Kwenye darubini ya bunduki aliona alama ikirukaruka juu ya sungura kila moyo ulipopiga.

"Umepampu sawasawa?" Desmond aliuliza, kalamu mkononi.

"Nimepampu. Bunduki haina kosa." Akamweleza yote, akiwa bado amelala pale chini.

Desmond akashusha kalamu, akasema, "Mimi sisali, bibi, siwezi kukufundisha. Lakini hapa ukigonga kando siandiki mbili, hata ukinipikia mkate wa tangawizi."

Wiki ile Edwina alikula kidogo. Alipiga magoti usiku na asubuhi, ila sala haikupanda. Aliona haya kumwambia Mungu jambo ambalo hajawaambia watu.

Jumapili, mchungaji alipouliza nani wa kuombewa, Bi Winifred akatangulia, "Hilary, dada yake Edwina."

Edwina akasimama kwenye kinanda. "Msimwombee Hilary," alisema. "Ni mzima kabisa."

Kanisa zima likashusha pumzi. "Asifiwe Bwana," akasema mmoja. Bi Winifred akatoa leso, machozi yakimtiririka. "Nilijua," alisema. "Kila mstari wa ile shali nilimwombea. Nilijua."

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angekaa tu. Angepiga wimbo wa shukrani, na dhambi yake ingekuwa muujiza, na watu wangekwenda kunywa chai wakiwa na furaha. Edwina alishika ukingo wa kinanda.

"Hakupona," alisema. "Hakuugua. Niliwadanganya. Jumapili zile nilikuwa msituni na Desmond Oldroyd, nimelala kwenye matope, napiga sungura wa bati kwa bunduki ya upepo. Napenda mchezo huo. Niliona aibu kusema kwamba ninaupenda."

Kutoka kiti cha nyuma mzee mmoja akauliza, "Sungura wa bati?" Mkewe akamkanyaga mguu.

Kwenye chai ya baada ya ibada wengi walimshika mkono. Bi Winifred hakumshika. Alikunja leso yake vizuri, akavaa koti.

"Shali nirudishie," alisema. "Jumatano, saa nane mchana. Utakaa mpaka tumalize."

Jumatano Edwina akaenda. Bi Winifred akamkalisha mbele yake, akamwambia anyooshe mikono, akaanza kuifumua ile shali na kuuzungusha uzi kwenye viganja vya Edwina, mstari kwa mstari.

"Huu niliufuma ile wiki ya theluji," alisema. "Nilimwombea mapafu yake." Akavuta. "Huu, nilimwomba Mungu akupe nguvu ya barabara, unavyoendesha mbali." Akavuta. "Huu vidole viliuma sana, sikuomba kitu. Nilihesabu tu."

Edwina alilia bila sauti. Machozi hakuweza kuyafuta, mikono haikuwa yake.

Saa tisa ikapita, na saa kumi. Mabega yaliwaka moto kuliko siku yoyote ya pampu. Hakuomba kupumzika.

"Nimekusamehe," Bi Winifred alisema mwishowe, bila kuinua macho. "Sio yote. Mengine yatakuja. Siku nyingine ukienda huko, sema unakwenda huko."

"Ndiyo, Bi Winifred."

"Na hao sungura, unawapata?"

"Baadhi."

"Mm." Yule bibi akavuta uzi, ukakatika, akaunganisha ncha mbili kwa vidole vyake vilivyopinda, polepole, akikataa msaada. "Inua mikono. Bado nusu."