Kijitabu Kilichoishia Ukurasa wa Tisa

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mlango wa duka la vitabu na michezo umefunguliwa nusu, na deki ya sakafuni bado haijakauka. Kwenye meza ya nyuma, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ameinamia kijitabu chenye kurasa sitini na nne, penseli sikioni, kidole kikitembea juu ya ramani. Anahesabu milango.

Anapata kumi na moja. Anafunua kurasa za maelezo na kuhesabu tena. Huko anapata kumi.

"Mmoja umekwenda wapi?" anakiuliza kijitabu, kwa sauti ya mama aliyekuta sukari imepungua.

Baada ya dakika tano mlango unapatikana, umetajwa kwa maandishi madogo chini ya picha. Hafurahi. Anaweka alama ya kuuliza pembeni na kuendelea, akirudi nyuma ukurasa mmoja mmoja. Visa vyote huvisoma kuanzia mwisho, kwa sababu anaamini mwandishi akichoka huchokea huko.

Wateja wanamwita Hebu Kwanza. Ukimwonyesha jalada zuri atakwambia, "Hebu kwanza." Ukimwambia kila mtu anakisifia, atakwambia vilevile. Yeye ni muuzaji wa duka hili kwa mwaka wa kumi na moja, na kazi aliyojipachika mwenyewe ni kuvitilia shaka vijitabu vya michezo ya simulizi kabla havijapanda rafuni.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja hujivika mhusika, akasema anafanya nini, na dadu zikaamua kama amefaulu. Msimulizi hufuata kijitabu cha kisa, na wapo waandishi wanaotoa nyongeza zenye ramani na wahusika wapya. Kijitabu kikiwa kizuri, watu husahau kwenda nyumbani. Kikiwa kibovu, wanaanza kutazama simu.

Na vibovu ni vingi. Katika vijitabu hamsini na vinane vilivyoletwa mwaka jana, alivikataa thelathini na kimoja. Kimoja kilimwelekeza msimulizi atazame ukurasa wa arobaini, nacho kilikuwa na kurasa thelathini na sita. Kingine kilificha kisa chote nyuma ya mlango wa siri, na wachezaji wakikosa kuuona kwa dadu, basi, waage wakalale.

"Watu wanajinyima ili wanunue kitu hiki," anasema. "Bei yake ni kibarua cha siku mbili. Halafu unampa mtu mapambo?"

Hakuzaliwa na shaka hiyo. Miaka sita iliyopita alimuuzia muuguzi mstaafu nyongeza iitwayo Visima Saba. Muuguzi huyo alikuwa amewakusanya ndugu zake wanne ambao hawakuwa wameketi pamoja kwa miaka mitatu, kwa ugomvi ambao hakuutaja. Mchezo ndio uliowaleta. Walicheza vizuri hadi kisima cha tano. Hapo wakakuta sentensi moja: visima viwili vilivyobaki msimulizi atunge mwenyewe.

Mchezo ukakwama, na ugomvi wa zamani ukapata nafasi.

"Alikuja akakiweka hapa kaunta," anakumbuka Hebu Kwanza. "Hakudai kitu. Aliniuliza tu, 'Wewe ulikisoma?' Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimesoma jalada." Anavua miwani. "Angenitukana ningepona."

Muuguzi hakurudi tena dukani.

Tangu hapo machale humcheza hata mahali pasipo na kitu. Mumewe, fundi cherehani, anasema ameizoea hali hiyo. "Nikimletea chai ananiuliza kwa nini leo," anacheka. "Barua yangu ya kwanza kwake aliianzia chini. Akanijibu kwa swali, eti mbona sahihi ina wino tofauti. Mke wangu, kalamu iliisha! Hadi leo hajaniamini."

Mwenye duka, ambaye Hebu Kwanza humwita bosi ingawa amemzidi umri kwa miaka minane, haoni cha kuchekesha. Kwake, kijitabu kilichokataliwa ni mteja aliyekwenda duka la jirani. Na meza ya nyuma, ambapo kila Jumamosi wateja hujaribu visa vipya bure, imekalia nafasi ya rafu mbili za madaftari ya shule. Mbao za rafu hizo zimeegemezwa ukutani tangu mwezi uliopita. Hebu Kwanza huzipita kila asubuhi akizitazama kwa jicho la pembeni.

Mwezi huu kikaja kijitabu kipya cha mwandishi ambaye wateja wanampenda kupita kiasi. Bosi alikwisha agiza nakala sitini. Kwenye jalada la nyuma paliandikwa: Kimejaribiwa mezani.

"Mezani kwa nani?" akauliza Hebu Kwanza.

"Dada, hiki usikiguse," bosi akamwambia. "Hiki kinapanda rafuni Jumatatu."

"Nipe Jumamosi moja tu."

Bosi akafikiri kidogo. Kisha akamwekea sharti mbele ya wateja. Angempa hiyo Jumamosi, na yeye mwenyewe angekaa kucheza. Kisa kikienda vizuri, meza inatolewa, rafu zinawekwa, na kazi ya kukagua imekwisha.

Hebu Kwanza akakubali. Usiku huo na uliofuata alikisoma kijitabu mara nne, kutoka mwisho kuja mwanzo, akitafuta kasoro. Hakuiona. Milango ilitimia. Kurasa zilitimia. Hata wahusika wadogo walikuwa na sababu ya kuwepo.

"Nilianza kuogopa," anakiri. "Kilikuwa kizuri. Nikajiambia, mama, leo umeumbuka."

Jumamosi walikaa wanne. Yeye alikuwa msimulizi. Wachezaji walikuwa mwokaji mikate, fundi baiskeli na bosi, aliyejivika mhusika mpiga upinde na kuja na dadu mpya kabisa. Kisa kilihusu wasafiri waliofungiwa ndani ya ngome. Bosi alikuwa na raha zake. Kila dadu ilipomkubali alimtazama Hebu Kwanza, kama anayesema unaona sasa.

Dakika ya ishirini na tano wakafika kwenye lango la ndani. Kijitabu kinaagiza hapo msimulizi awape wachezaji kadi iliyochapwa, mabaki ya ramani ya mfungwa wa zamani. Hebu Kwanza akaikata kwa mkasi na kumkabidhi bosi. Bosi akaisoma kwa sauti:

"Ua mlinzi. Kisha ngazi. Kisha uhuru."

Akaweka kadi chini, akashika dadu. "Namlenga mlinzi."

"Hebu kwanza," akasema Hebu Kwanza. "Mlinzi hajawafanyia kitu. Anakunywa maji."

"Imeandikwa ua. Unataka niandikiwe mara ngapi?"

Dadu zikamkubali. Mlinzi akaanguka. Mwokaji mikate akapiga makofi.

Hebu Kwanza akafunua ukurasa uliofuata, akawasomea. Mlinzi yule alikuwa rafiki wa wafungwa. Ni yeye peke yake aliyejua neno la kufungulia ngazi, na neno hilo halikuandikwa mahali pengine popote katika ngome. Wasafiri wakabaki humo. Ulikuwa ukurasa wa tisa.

"Sasa?" akauliza fundi baiskeli.

"Sasa basi. Kisa kimeisha."

Bosi akasimama. "Umeyatunga haya. Umeona meza inaondoka ukanitegea."

Akamnyang'anya kijitabu, akasoma mwenyewe, kisha akaitazama ramani ya msimulizi. Pale lango la ndani paliandikwa: Ua wa mlinzi. Ulikuwa ni uwanja, sehemu anayokaa mlinzi, na wasafiri walitakiwa kupita hapo kwenda kwenye ngazi. Kwenye kadi ya wachezaji, aliyechapa alidondosha kineno kimoja, "wa", na uwanja ukageuka amri ya kuua mtu.

Kisha bosi akainua macho, akauliza swali ambalo Hebu Kwanza alikuwa akiliogopa.

"Wewe si ulikisoma?"

Hapo angeweza kupiga chenga. Angesema kasoro hiyo aliiona, akaiacha makusudi ili wajionee. Mwokaji mikate na fundi baiskeli wangemwamini, na jina lake lingepanda.

"Nilikisoma mara nne," akasema. "Hiyo kadi nimeipita mara nne. Nilikuwa nimeshaiona ramani, kwa hiyo kila nikifika hapo jicho langu lilikuwa linaiweka 'wa' lenyewe."

"Kumbe hata wewe hukuona!"

"Sikuona, bosi. Ndiyo maana sikuombi uniamini mimi. Nakuomba uniachie meza."

Bosi akatoa simu mfukoni. Alitoka nje akampigia mwandishi simu, na waliobaki ndani walisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa "ehe" na "ehe". Aliporudi alieleza kwa kifupi. Kisa kilijaribiwa kweli, nyumbani kwa mwandishi, na mkewe na shemeji zake. Ila kadi zilikuwa bado hazijachapwa. Mwandishi aliwasomea kwa mdomo, na mdomo wake ulijua ni uwanja.

Nakala sitini zilipanda rafuni wiki mbili baadaye, kila moja ikiwa na kadi mpya ndani. Hadi tunakwenda mitamboni, meza bado ipo. Mbao nazo bado zipo. Hakuna aliyemwambia Hebu Kwanza kwamba ameshinda, naye hathubutu kuuliza.

Badala yake ana mpango. Kwa miaka mitatu amekuwa akiandika kisa chake mwenyewe, kurasa arobaini na nne kwa penseli, na hakuna aliyewahi kukicheza. Kinamhusu mwanamke mmoja na ndugu zake wanne walioitwa kwenye nyumba yenye visima. Anasema visima vyote vimo, amevihesabu, na kwamba kuhesabu kwake hakutoshi.

Anataka kichezwe kwenye meza hii kabla mwaka haujaisha. Kikifika mwisho salama, atamtafuta muuguzi yule na kumpelekea nakala kwa mkono.

Msimulizi ameshamchagua. Ni bosi.

Mwokaji mikate alimshangaa. Mbona asimpe mtu anayemtakia mema?

"Anayenitakia mema akikuta shimo ataliruka kimyakimya," anasema Hebu Kwanza, akivaa miwani yake. "Yule muuguzi hakuwa na wa kumvusha. Namtaka mtu atakayetumbukia."